Ukuta wa Mashariki

Kwa miezi saba Notburga alilinda ukuta. Nyumba yenyewe ilikwishakwenda na maji. Kuta tatu zilianguka, mabati yakang'oka, na meza yake ya kulia ilionekana mara ya mwisho ikielea kuelekea Malawi kana kwamba ina safari zake. Uliobaki ni ukuta wa mashariki, ule unaotazama milima, wenye fremu ya mlango na mlango wenyewe. Kila jioni Notburga aliufunga mlango ule kwa komeo na kila asubuhi aliufungua, ingawa mbuzi yeyote angeweza kuuzunguka ukuta kwa hatua nne akaingia ndani, na huko ndani asingekuta kitu isipokuwa mchanga.

Kijiji kilicheka. Nani asingecheka? Walimpa jina la Mama Ukuta, na wanawake waliopita kwenda kuanika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, walimwuliza kwa sauti ya adabu kabisa kama ukuta umeamka salama.

"Umeamka umesimama," alikuwa akiwajibu. "Nendeni mkawaulize waume zenu kama nao wanaweza."

Ndivyo alivyokuwa. Ulimi wake ulikuwa mkali tangu usichana, na umri wa miaka hamsini na minane haukuupunguzia makali hata kidogo.

Hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa Kitura, kwenye kahawa na mahindi, Mmatengo wa milimani, na aliteremka ufukweni akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, ameolewa na Stephano, fundi wa mitumbwi wa kijiji kilicho kusini kidogo ya Lituhi. Kwao walimwonya kwamba watu wa ziwa hukaa tu wakingoja samaki wawafuate nyumbani. Watu wa ziwa nao walimpokea kwa kumtania kwamba Mmatengo hata akila huinama kama analima. Stephano alimjengea nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na maji, mahali ambapo upepo hukausha usipa kwa siku moja, na hapo waliishi miaka thelathini na moja bila kujaliwa mtoto.

Kitu kimoja Notburga alikuwa nacho ambacho ukoo wa Stephano haukuwa nacho, nacho ni kusoma. Alimaliza darasa la saba na mwandiko wake ulinyooka kama wa masista. Siku zile za barua, kabla ya simu, barua yoyote ya ukoo ilipofika aliitwa yeye. Alivutiwa kigoda, akapewa maji, akasoma, na wote wakasikiliza. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumfuatilia, alisoma kwa kadiri alivyopenda. Habari iliyomkera aliiruka. Mara nyingi haikuwa na madhara. Nani anahitaji kujua kwamba shangazi wa Songea bado anadai shuka lake?

Lakini mara moja aliruka pabaya. Cletus, mdogo wake Stephano, alikuwa na mke aitwaye Veneranda, na Veneranda na Notburga hawakuweza kukaa jiko moja hata kwa muda wa ugali kuiva. Veneranda aligombana na mumewe akarudi kwao, upande wa Songea, na baada ya miezi mitatu akaandika barua. Cletus wakati ule alikuwa kijana aliyeacha shule darasa la tatu. Aliileta barua ile kwa shemeji yake akiwa ameishika kwa mikono miwili. Notburga alimsomea salamu, habari za mvua, habari za mbuzi aliyezaa mapacha. Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: njoo unichukue kabla ya Pasaka, nisipokuona nitajua umenikataa. Notburga aliutazama mstari ule, akamkumbuka Veneranda na kelele zake, akaikunja barua. Akasema ni hayo tu.

Pasaka ikapita. Veneranda aliolewa na mtu mwingine. Cletus aliihifadhi ile barua kwenye sanduku lake la bati, kama mtu anavyohifadhi vitu vya namna hiyo, na hakuoa tena. Miaka yote iliyofuata Notburga alikwenda kuungama mara nyingi, lakini hili hakulipeleka kwa padri hata siku moja, maana hakulihesabu kuwa dhambi. Hakusema uongo. Alinyamazia mstari mmoja tu.

Stephano alipofariki, hakuna aliyemgusa mjane. Kwa watu wale, mwanamke aliye ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe hatolewi, awe na watoto au asiwe nao. Lakini nyumba ikiondoka, ndugu wa mume huanza kukipima kiwanja kwa macho. Mvua za mwaka juzi ziliponyesha bila kukoma, ziwa likapanda, likaingia nyumba za ufukweni usiku na mchana kwa wiki tatu, na liliposhuka liliacha ule ukuta mmoja. Notburga alihamia jikoni, kibanda cha matete kilichokuwa nyuma kidogo, akalala hapo katikati ya mafiga na vyungu.

Kufikia wakati huo Cletus alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye mvi, mwenye mitumbwi mitatu na sauti ya upole. Aliitisha kikao. Alieleza kwamba serikali hairuhusu kujenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani, jambo ambalo ni kweli, na kwamba waliobomokewa watapewa viwanja juu, kando ya barabara, jambo ambalo pia ni kweli. Notburga alisema huko juu hakuna upepo wa kuanikia usipa, na yeye hana kazi nyingine inayomlisha. Aliomba aachwe ajenge palepale alipoachwa na mumewe.

"Shemeji," Cletus alisema, polepole, mbele ya watu wote, "hapa huna hata kaburi la mtoto. Unang'ang'ania nini?"

Watu walitazama chini. Notburga, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu siku zote, alijifunga kitenge vizuri akaondoka. Siku hiyo ndipo alipoapa kwamba atajenga palepale, ikiwezekana na Cletus awepo kushuhudia.

Alipanda basi kwenda Mbinga, kwa kuwa jalada la zamani la kiwanja cha Stephano lilikuwa bado huko. Ofisini alikutana na afisa mmoja kijana, Valence, shati limepigwa pasi, ambaye alisimama kumwamkia kabla hajaulizwa shida yake. Mtu mwenye adabu, na si wa kuomba soda. Alisafiri hadi kijijini, akavuta utepe wake kutoka alama ya maji ya juu, akasoma mita thelathini na nne. Akauzunguka ukuta, akaupigapiga kwa kiganja, akainama kuangalia msingi. Kisha alimwambia maneno ambayo Notburga aliyashika kama watu wanavyoshika sala.

"Mama, kujenga hapa siwezi kukuruhusu. Lakini nyumba iliyopo tangu zamani unaweza kuikarabati. Ukuta huu ukiwa umesimama na msingi wake na fremu yake, mimi nitaandika ukarabati. Ukilala chini nitaandika ujenzi mpya, na ujenzi mpya hapa siwezi kuusaini hata kama ungekuwa wa mama yangu mzazi."

Mambo hayo yote yaliandikwa kwenye barua, Desemba hiyohiyo. Ukaguzi wa mwisho ungefanyika Julai, na hadi siku hiyo ukuta ulipaswa kusimama. Ila barua ilitakiwa kwanza igongwe muhuri na mwenyekiti wa kitongoji.

Notburga hakulala kwa kulifikiria hilo. Cletus akijua kwamba haki yake yote imeegemea ukuta mmoja wa matofali, itamchukua jioni moja tu kuuangusha, kisha aseme ni ng'ombe. Lakini alikumbuka jambo moja lililomfurahisha. Alivyomjua yeye, Cletus alikuwa akisoma kwa shida, herufi moja moja, na kila alipoletewa karatasi mbele ya watu alisingizia miwani. Akampelekea barua. Cletus aliigeuza huku na huku kwa muda mrefu, akapapasa mfukoni.

"Miwani nimeiacha ziwani," alisema. "Nisomee, shemeji."

Notburga akavuta kigoda kama zamani. Alisoma anwani, tarehe, kichwa cha habari, vipimo vya kiwanja. Akalifikia lile fungu la ukuta, akaliruka. Akasoma salamu za mwisho na jina la afisa. Cletus alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akahema juu ya muhuri, akaugonga taratibu. Njiani kurudi jikoni kwake Notburga alicheka peke yake. Tangu maji yaingie hakuwa amecheka hivyo.

Basi akawa mlinzi. Aliuegemeza ukuta kwa miti sita ya mkaratusi, akaufunika kichwani kwa turubai ili mvua isiingie kati ya matofali, akauchimbia mfereji. Mwezi wa tatu mvua ilimwagika siku nne mfululizo na mti mmoja ukateleza. Notburga alisimama ameuegemea ukuta kwa mgongo tangu adhuhuri hadi jioni, amelowa, akiomba Rozari kwa vidole kwa kuwa tasbihi ilikuwa ndani. Waliompita walidhani akili zimemruka. Hakumweleza mtu. Hakumweleza hata Ottilia, jirani aliyekuwa akimpelekea uji alipougua, maana Ottilia alikuwa na moyo mwema na mdomo usiofungika, na siri iliyoingia kwa Ottilia ilikuwa kisimani kabla ya saa nne.

Wala hakumweleza mdogo wake, Wendelini, aliyebaki Kitura kwenye shamba la baba yao. Huyo alimficha kwa sababu nyingine. Notburga ndiye aliyekataa maonyo ya kwao akateremka ziwani, na kila mwaka alipopanda kuwasalimia alivaa kitenge kipya na kujisifia upepo. Leo awaambie analala kwenye majivu? Wendelini alipompigia simu kuuliza kama nyumba ipo, alijibu ipo. Hilo nalo hakuliita uongo, kwa kuwa alitazama ukuta wakati akilisema.

Julai ikafika, upepo wa mwera ukivuma na anga limetakata. Ukuta ulisimama. Afisa Valence alipiga simu kusema ukaguzi ni Alhamisi. Alimwomba Notburga afike Mbinga Jumatano kutia saini karatasi za maombi, kisha wateremke pamoja kwa gari la ofisi. Notburga alimwachia Ottilia ufunguo wa komeo. Hapo akafanya kosa. Furaha ilimzidi, akasema kidogo. Alimwambia kwamba kesho anakuja na mtu wa serikali, kwamba akitia saini tu yeye anaanza kujenga, na kwamba uwanja uangaliwe.

Uwanja uangaliwe. Maneno mawili. Angeongeza la tatu pengine tungekuwa na hadithi nyingine.

Ottilia kwa muda mrefu alikuwa akiteseka moyoni kwa kumwona jirani yake anazeeka jikoni. Wiki mbili kabla ya hapo alikwishatafuta namba ya Wendelini akamweleza kila kitu: dada yako analala kwenye mafiga, anakilinda kifusi, watu wanamcheka. Wendelini alilia. Akaitisha sengu, ule mlo wa ukoo ambao Wamatengo hula pamoja na kusemana ukweli, na ukoo ulisema ni aibu. Kahawa ilikuwa imeiva mitini, nyekundu, na kila siku inayopita bila kuchumwa ilikuwa hasara. Wakaamua kuiacha. Wangeteremka kwa ngokela, kazi ya kusaidiana ya ukoo, wanaume kumi na mmoja na majembe yao, wafanye kwa siku moja kazi ambayo mtu mmoja angeifanya mwaka. Ottilia alipowapigia kusema Alhamisi anakuja mtu wa serikali, walifurahi zaidi. Mgeni wa serikali kwa Mmatengo hapokewi kwenye kifusi. Anapokewa kwenye uwanja uliofagiwa.

Walifika alfajiri kwa gari la kukodi, na kunde, na debe la mahindi, na jogoo wawili. Haya Ottilia aliyasimulia baadaye, tena na tena, mpaka watu wakamwomba anyamaze. Walianza kwa kuondoa miti sita. Wakavuta turubai. Wakajaribu kuusukuma ukuta kwa mabega na haukutikisika, maana Stephano alikuwa fundi na Notburga alikuwa mlinzi. Wakati huo Cletus alikuwa amefika kuwasalimia wageni wa ukoo, kama mwenyekiti anavyopaswa. Wendelini, mtu wa heshima, alimwuliza kama hakuna kizuizi kwa kazi yao.

"Nyumba ni ya dada yenu," Cletus alimjibu. "Mimi ni nani?"

Kisha alikwenda kwake akawaletea mtarimbo.

Saa hizo Notburga alikuwa kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi, anateremka kutoka milimani na ziwa likijitokeza na kupotea kwenye kona. Alizungumza njia nzima. Alimweleza Valence mlango utakuwa palepale, dirisha ataliongeza upana, na waliomwita Mama Ukuta atawaalika wote wanywe chai wakiuegemea. Valence alicheka. Alimpenda yule mama, na alikuwa amemwandalia tayari fomu ya ukarabati, imebaki saini tu.

Gari lilisimama, Notburga akasikia nyimbo za kwao. Aliona watu wa kwao wamejipanga mistari miwili, wanapiga makofi, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Aliona matofali yamepangwa mafungu mafungu, mazima upande huu, nusu upande ule. Aliona fremu na mlango vimelazwa chini kwa uangalifu, komeo limefungwa. Na pale katikati aliona uwanja, tambarare, safi, una mistari ya ufagio kutoka mwanzo hadi mwisho, na zaidi ya hapo maji.

Alishuka, akaufunga mlango wa gari taratibu.

Wendelini alikuja mbio, akamshika mikono yote miwili. Akamgeukia afisa kwa fahari yake yote.

"Karibu, bwana afisa. Tumekusafishia. Hakukubaki hata tofali moja."

Valence alimtazama Notburga, akautazama uwanja, akaifungua kalamu halafu akaifunga. Kijana yule hakuwa na roho mbaya, nami nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu ingekuwa rahisi kumchukia. Alimsogeza Notburga kando pamoja na mwenyekiti. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna njia moja nyembamba: mwenyekiti akiandika kwa mkono wake kwamba ukuta ulikuwapo hadi asubuhi hii, na kwamba umeondolewa kwa kutojua, yeye atalipeleka suala kwa kamati na kulitetea.

Notburga alimtazama shemeji yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na sita alimsihi. Alimwita baba.

"Mimi huandika ninachokiona," Cletus alimwambia afisa. "Na ninaona uwanja. Umefagiwa vizuri sana."

Alikuwa amevaa miwani. Notburga aliiona hapo tu, imekaa puani kwake imara, kama kitu cha kila siku.

Utaratibu ulitaka fomu ya ukaguzi isomwe kwa sauti mbele ya mwombaji na mwenyekiti kabla ya saini. Valence aliijaza juu ya boneti ya gari, akakohoa, akataka kuanza. Cletus alimwekea mkono begani.

"Mwache shemeji asome," alisema. "Yeye ndiye msomaji wa ukoo wetu. Tangu zamani."

Ottilia alileta kigoda. Watu wa Kitura wakasogea, Wendelini mbele yao, anatabasamu, anasubiri kusikia nyumba ya dada yake ikiidhinishwa. Notburga akaketi na karatasi. Aliona mara moja jinsi ilivyoandikwa: jina lake, kiwanja, mita thelathini na nne, kisha lile fungu la Desemba limenukuliwa zima, kisha neno la mwisho, haikuidhinishwa. Akamwona mdogo wake kwa pembe ya jicho, na vumbi lake, na kahawa yake aliyoiacha mtini. Kosa lilikuwa lake mwenyewe na alilijua. Alificha kwa ajili ya hofu na alificha kwa ajili ya kiburi. Lakini huyu hakuwa na haja ya kujua. Akirudi Kitura akiamini kwamba serikali imekataa kwa sababu ya umbali, atasikitika mwezi mmoja na kupona. Akijua kilichotokea hatapona.

Basi alisoma jina lake. Akasoma kiwanja na mita thelathini na nne. Akafikia lile fungu, akaliruka, akasoma: haikuidhinishwa kwa sababu ya kuwa karibu na ziwa. Lilikuwa jambo jema kuliko yote aliyowahi kuyafanya kwa kusoma.

"Umeruka, shemeji," Cletus alisema.

Notburga alianza kuikunja karatasi.

"Umeruka, kama ulivyoiruka ya Veneranda. Nilikwenda kisomo cha watu wazima Lituhi miaka miwili, kwa ajili ya ile barua tu. Nikaisoma mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Haya. Nitakusaidia."

Na hapo, bila kuitazama karatasi, amevua miwani na kuishika mkononi, alilisema lile fungu lote kwa kichwa, neno kwa neno, kama mtoto anayetamka Katekisimu: kwamba mwombaji ataruhusiwa kukarabati, mradi ukuta wa mashariki pamoja na msingi wake na fremu yake ya mlango ubaki umesimama hadi siku ya ukaguzi, na kwamba ukianguka au ukibomolewa, jengo litahesabiwa kuwa halipo. Alikuwa amelibeba miezi saba. Alipomaliza aliegemea mtarimbo wake akamtazama Wendelini, si Notburga.

Wendelini alichukua muda kuelewa. Tabasamu lilibaki usoni mwake mahali pasipo lake, kisha likaondoka. Alisema wataujenga sasa hivi, watu kumi na mmoja, matofali yapo, kabla jua halijazama utakuwa umesimama kama ulivyokuwa. Alianza kweli kubeba tofali, moja kila mkono, na vijana wawili wakamfuata. Valence ilimbidi awazuie. Aliwaeleza kwa adabu kwamba ukuta unaojengwa leo ni ujenzi mpya, na ujenzi mpya hapa ni kosa, na angelazimika kuuandikia amri ya kubomolewa. Wendelini alisimama na matofali yake akawa hajui ayaweke wapi.

Cletus akatia saini. Aliandika jina lake lote, kwa herufi za kuunga, bila kukosea.

Kuku walikuwa wameiva lakini hawakuliwa. Watu wa Kitura walipakia majembe, wakapakia vyungu vya Notburga, kitanda chake cha kamba na gunia la usipa, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuuliza anakwenda wapi. Mlango waliuacha. Gari lilipokuwa likigeuka, wavuvi wa Cletus walikwishaanza kuuburura mtumbwi wa kwanza juu ya ile mistari ya ufagio.

Walipita Lituhi, wakaanza kupanda. Ziwa lilipotea nyuma ya kilima cha kwanza, likatokea, likapotea tena, na safari hiyo halikurudi. Ndipo Wendelini, aliyekaa kando ya dada yake, alipouliza swali lake moja.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Ungekuja ukaniona nalala jikoni," Notburga alisema.

Mikono ya Wendelini ilikuwa bado na vumbi jekundu la matofali. Aliiweka magotini, akaitazama mpaka walipofika Kitura.